Siku 368 za SOCOG: kesi ya Bruce Maguire na hesabu iliyovimba

Kila ninapomwambia mteja kwamba tovuti yake lazima isomeke pia na mtu asiyeona, swali linalofuata nalijua kabla hajafungua mdomo: "Hiyo inaongeza shilingi ngapi?" Swali la haki kabisa. Mimi natengeneza tovuti nipate ugali, naye anazilipia kwa jasho lake. Swali hilohilo liliwahi kuulizwa rasmi, mbele ya tume ya haki za binadamu, na mlalamikiwa akajibu: mtu mmoja akifanya kazi saa 8 kwa siku atahitaji siku 368, na gharama itapita dola milioni 2 za Australia. Kisa kina zaidi ya miaka 20 sasa. Bado sijakutana na kingine kinachoonyesha wazi kiasi hicho jinsi hesabu ya aina hii inavyovimba.

Ni kesi ya Bruce Maguire dhidi ya SOCOG, kamati iliyoandaa Michezo ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000.

Maguire haoni tangu kuzaliwa. Anasoma kwa breli, au nukta nundu kama tulivyozoea kusema Tanzania, na kwenye kompyuta alikuwa akitumia kifaa cha breli. Kwa ambaye hajawahi kukigusa: ni kibao chembamba kinachokaa mbele ya kibodi, kina safu moja ya vyumba vidogo, na ndani ya kila chumba mna pini zinazopanda na kushuka. Maandishi ya skrini yanageuka nukta chini ya vidole. Ukimaliza mstari unabonyeza, pini zinapanda upya, unaanza kusoma unaofuata. Vifaa vingi vina vyumba 40, vingine 80, kwa hiyo msomaji anaushika ukurasa kipande kimoja kwa wakati. Hana nafasi ya kuuona wote kwa mara moja na kuchagua pa kuanzia.

Tarehe 7 Juni 1999 alipeleka malalamiko kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Fursa Sawa ya Australia, kwa sheria ya mwaka 1992 inayokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu. Alikuwa na mambo matatu. Kitabu cha kuagizia tiketi hakikuwa na toleo la breli. Kadhalika kitabu cha kumbukumbu cha michezo. La tatu ni tovuti. Hayo mawili ya kwanza nayaacha kando, ingawa mtu aliyewahi kutaka kumpeleka mwanawe uwanjani ataelewa kwa nini kitabu cha tiketi kilimuuma. Ninalolishika mimi ni hilo la tatu.

Alichokidai kuhusu tovuti kilikuwa kidogo mno, na watu wanaoisimulia kesi hii huipita sehemu hiyo haraka. Hakuomba tovuti ibomolewe, wala hakuomba ijengwe nyingine ya pembeni kwa ajili ya wasioona. Alitaka kila picha, na kila kiungo kilichofichwa ndani ya picha, viwe na maelezo ya maneno. Alitaka mtu aliyeko kwenye ukurasa wa ratiba aweze kufika kwenye orodha ya michezo. Na alitaka majedwali ya matokeo yasomeke. Basi.

Nianze na picha. Kwa programu ya kusoma skrini, picha kwenye ukurasa ni shimo, mpaka aliyeiweka aandike maneno nyuma yake. Sehemu ya kuyaandika ipo, inaitwa alt, na kuijaza kunachukua muda wa kuandika neno moja au sentensi moja. Picha ya mkimbiaji inayompeleka mtu kwenye ukurasa wa riadha inaandikiwa alt="Riadha", kazi imeisha. Ukiacha wazi, programu haina la kufanya ila kutaja jina la faili, na majina ya faili tunayajua sisi wenyewe tunavyoyaandika usiku wa manane: nav_03_b_mpya_mwisho2. Viwango vya HTML 4.0, lugha inayoandikiwa kurasa za wavuti, vilivyotoka Desemba 1997, vilikwisha kuifanya alt kuwa sharti kwa kila picha. Malalamiko ya Maguire yalipofika mezani, sharti hilo lilikuwa na mwaka mmoja na nusu. Na mwezi mmoja tu kabla yake, tarehe 5 Mei 1999, W3C, shirika lililokuwa likiongozwa na Tim Berners-Lee aliyebuni wavuti, lilikuwa limetoa toleo la kwanza la WCAG, mwongozo wa kutengeneza kurasa zinazofikika na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo asije mtu akasema SOCOG ilishtukizwa na jambo ambalo dunia haikuwa imelisikia.

Kuhusu orodha ya michezo, jibu la SOCOG hadi leo linanichekesha na kuniudhi kwa wakati mmoja. Walisema njia nyingine ipo: mtu anaweza kuandika mwenyewe kwenye kivinjari anwani kamili ya ukurasa wa kila mchezo. Hebu fikiria. Mwenye macho anabofya picha. Asiyeona anatakiwa ajue kwa kichwa anwani ya ukurasa wa kuogelea, ya ukurasa wa mpira wa mikono, ya ukurasa wa kupiga makasia, aziandike herufi kwa herufi bila kukosea nukta wala mkwaju. Ni kama kumwambia mtu wa kiti cha magurudumu kwamba jengo lina mlango mwingine, ila uko upande wa nyuma, juu ya ukuta.

Jedwali la matokeo ndilo lililobeba uzito wa kesi, kwa hiyo nitalikalia kidogo. Nitatumia matokeo tuliyoyaumia wenyewe. Usiku wa tarehe 25 Septemba 2000, fainali ya mita 10,000 wanaume: Haile Gebrselassie wa Ethiopia dakika 27:18.20, Paul Tergat wa Kenya 27:18.29. Kilometa 10 zimekimbiwa, wakaachana kwa sehemu tisa za mia za sekunde, pengo dogo kuliko lililomtenga wa kwanza na wa pili katika mita 100 kwenye michezo hiyohiyo. Nani ana haja ya kuziona namba hizi kwa mpangilio wake kuliko shabiki wa Tergat?

Sasa weka namba hizo kwenye jedwali lililopangwa ili lipendeze machoni tu. Safu ya kwanza nafasi, ya pili bendera, ya tatu jina, ya nne muda, na pembeni kuna jedwali jingine ndani ya jedwali kwa ajili ya rangi na mipaka. Mwaka 2000 karibu kila tovuti ilipangwa hivyo, jedwali ndani ya jedwali kama masanduku ya bibi. Jicho linashuka kwenye safu ya muda moja kwa moja. Kidole kwenye kifaa cha breli hakishuki, kinafuata mpangilio wa msimbo. Kinaweza kukutana na namba zote za nafasi zikifuatana, kisha kimya mahali pa bendera kwa sababu bendera ni picha isiyo na alt, kisha majina yote, na mwisho nyakati zote. Ni muda upi wa Tergat? Inabidi uhesabu kwa vidole: yeye ni jina la pili, kwa hiyo ni muda wa pili, ikiwa hakuna aliyeachwa wazi hapo katikati kwa kujitoa mbioni. Jedwali lililoandikwa vizuri, lenye vichwa vya safu vilivyotangazwa kuwa ni vichwa, linaleta mstari mmoja: 2 Paul Tergat KEN 27:18.29. Herufi na nafasi 26. Unaenea kwenye kifaa cha vyumba 40 na chenji inabaki.

Utetezi wa SOCOG ulikuwa huu. Sheria ya Australia inamruhusu mtoa huduma kukwepa wajibu akithibitisha kwamba kuutimiza kutamletea mzigo usiostahili, na hapo vinapimwa faida na hasara kwa pande zote, uwezo wa kifedha na makadirio ya gharama. SOCOG ikashika hapo. Tovuti ilitengenezwa na IBM, na kutokana na hao watengenezaji zikaletwa namba: jedwali la matokeo lina violezo, yaani ruwaza zinazojengewa kurasa, 1,295 kwa michezo 37, kila kiolezo kinahitaji saa kama 2 kurekebishwa, kunahitajika mitambo ya ziada na watu wenye ujuzi maalumu, jumla, mtu mmoja kwa siku 368, na dola zaidi ya milioni 2.

Namba zikija na tarakimu nne na kituo katikati, watu huziheshimu. Mtu akisema "violezo kama elfu moja na kitu" utamuuliza maswali, lakini akisema 1,295 unadhani amehesabu. Huenda kweli alihesabu. Swali ni alihesabu nini.

Chukua kikokotoo. 1,295 mara saa 2 ni saa 2,590. Gawa kwa 8, unapata siku 323 na robo tatu. Yaani sehemu kubwa kabisa ya mwaka huo mzima wa kazi imesimama juu ya dhana moja tu: kwamba violezo 1,295 ni kazi 1,295 tofauti, na kila moja inaanza upya kama vile ile iliyotangulia haikufanyika. Yeyote aliyewahi kutengeneza tovuti inayochota taarifa kwenye hifadhidata anajua mambo hayaendi hivyo. Kiolezo cha mita 200 ni kaka wa mita 400. Cha judo kilo 60 na cha judo kilo 66 ni mapacha. Unarekebisha umbo mara moja, unarudia umbo hilo kote. Fundi cherehani akipewa sare 300 za shule hachukui vipimo vya kola mara 300.

Na hilo ndilo lililosemwa na mashahidi wa Maguire. Alikuwa na wawili wa kitaalamu: Jutta Treviranus, aliyekuwa akiongoza kituo cha teknolojia saidizi katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, na Tom Worthington, mtaalamu wa kompyuta wa Australia. Ushahidi wao, ukiuondolea ubishi wa kitaalamu, ulikuwa huu: violezo halisi vya matokeo ni vichache sana kuliko hivyo, kila kimoja kinahitaji muda mfupi sana kuliko saa 2, vinazalishwa kutokana na hifadhidata, kwa hiyo hata hiyo 1,295 yenyewe haina uzito uliopewa, mitambo inayotajwa ipo tayari kwa kazi za tovuti ileile, na gharama yote kwa jumla ni ya kadiri.

Kwa maoni yangu kesi iliamuliwa hapo, kwa ubishi juu ya neno "kiolezo". Wanasheria wataniambia iliamuliwa kwa vifungu vya sheria, nami siwakatalii. Kamishna William Carter alipaswa kwanza kukubali kwamba tovuti ni huduma inayotolewa kwa umma, na akakubali. Lakini kifungu cha mzigo usiostahili ni mizani, na mizani haisemi kitu mpaka mtu aweke kilo. SOCOG iliweka 368. Upande wa pili ukafungua gunia ukaonyesha kilichomo.

Kuna hesabu nyingine ambayo nimeifanya mwenyewe, sijui kama kuna aliyeisema pale kwenye shauri. Tuwape SOCOG kila walichodai. Tuseme ni kweli kazi ni siku 368 za mtu mmoja. Malalamiko yalifika tarehe 7 Juni 1999. Wangeweka watu wawili badala ya mmoja, wapumzike kila Jumamosi na kila Jumapili, kazi ingekwisha katikati ya Februari 2000. Hapo michezo iko karibu miezi 7 mbele. Uamuzi wa Tume ulitoka tarehe 24 Agosti 2000, siku 444 baada ya malalamiko. Muda ulikuwepo, ukaliwa na mabishano. Wanaopenda kusema "tungefanya lakini muda hautoshi" wakumbuke kwamba saa ya ukutani haisimami mkiwa mnabishana.

Kamishna aliukataa utetezi. Akaona Maguire alibaguliwa, na akaamuru kwamba kufikia tarehe 15 Septemba 2000, siku ya ufunguzi wa michezo, SOCOG iwe imeweka maelezo ya maneno kwenye picha zote na viungo vyote vya ndani ya picha, iwe imefungua njia ya kutoka kwenye ratiba kwenda kwenye orodha ya michezo, na iwe imewezesha majedwali ya matokeo kufikiwa. Ukihesabu kutoka siku ya uamuzi, waliachiwa siku 22.

Zikapita. Michezo ikafunguliwa, ikachezwa, ikafungwa tarehe 1 Oktoba. SOCOG ilitekeleza amri kwa sehemu tu. Hapa msomaji anayezijua taasisi za aina hii atauliza, sasa Tume ikafanya nini? Tume haikuwa mahakama. Mahakama Kuu ya Australia ilikwisha kuamua mwaka 1995 kwamba maagizo ya tume hiyo hayawezi kutekelezwa yenyewe kama hukumu ya mahakama. Mtu angelazimika kwenda kuanza upya Mahakama ya Shirikisho. Novemba 2000 Tume ikampa Maguire fidia ya dola 20,000 za Australia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoitumia kesi hii kama fimbo. Kwenye semina utasikia: "Tengeneza vizuri, la sivyo utashtakiwa kama Sydney." Mhasibu mwenye roho ngumu atakuuliza: walidai gharama ni milioni 2, wakalipishwa elfu 20, kosa lao liko wapi? Ukiichukua kesi hii kama hadithi ya adhabu, adhabu yenyewe ni ndogo, na ilikuja wakati majedwali ya matokeo hayana kazi tena kwa yeyote. Maguire alitaka kujua nani kashinda jana usiku. Dola za Novemba haziwezi kumrudishia usiku huo wa Septemba.

Kesi zilizofuata nchi nyingine zilikuwa na meno makali zaidi. Marekani, chama cha wasioona kilipambana na maduka ya Target kuanzia 2006 mpaka maafikiano ya 2008 yaliyogharimu kampuni hiyo dola milioni 6. Guillermo Robles akaikabili Domino's kwa sababu hakuweza kuagiza piza kwa programu yake ya kusoma skrini, na Oktoba 2019 Mahakama ya Juu ikakataa kusikiliza rufaa ya kampuni. Kwetu pia karatasi zipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ibara ya 9, unataja intaneti kwa jina, na Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taarifa. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Sitazidi hapo, kwa sababu wateja wangu hawaulizi ibara ya ngapi. Wanauliza shilingi ngapi.

Basi nieleze Sydney imenisaidiaje kujibu.

Miaka michache iliyopita nilipewa tovuti ya taasisi moja ya mafunzo niitengeneze upya. Siitaji. Ilikuwa na kurasa zinazokaribia 400, na fundi aliyenitangulia alikuwa amewaandikia kwamba kuifanya isomeke na wasioona ni kazi ya kurasa 400, kwa hiyo bei yake ni hivi na hivi. Bei ilikuwa ndefu. Mkurugenzi akanionyesha ile karatasi kama mtu anayeonyesha cheti cha daktari: unaona mwenyewe, haiwezekani.

Sikubishana naye. Nikafungua ndani nikahesabu violezo. Vilikuwa 6. Kimoja cha habari, kimoja cha kozi, kimoja cha wafanyakazi, cha matangazo, cha fomu ya maombi, na ukurasa wa mwanzo. Kurasa zote 400 ni nguo zilizoshonwa kwa ruwaza 6. Kwenye fomu ya maombi, visanduku vya kujazia havikuwa na lebo zilizofungwa navyo. Maneno "Jina la ukoo" yalikaa juu ya kisanduku kwa macho tu, kwenye msimbo hayakuhusiana. Kitufe cha kutuma kilikuwa ni picha ya mshale. Rangi ya maandishi ilikuwa kijivu juu ya kijivu, hata mimi mwenye macho mawili nilikuwa nakunja uso.

Nina mtu anayenijaribia kazi, mwalimu wa sekondari asiyeona. Namlipa, kwa sababu muda wake ni kazi kama wangu. Alikaa na kompyuta yangu, akavaa kisikizi sikio moja ili sikio jingine anisikie, akaanza kushuka kwa kitufe cha Tab. Sauti inasoma upesi kiasi kwamba mimi siambulii kitu, yeye anaifuata kama anayesikiliza taarifa ya habari.

"Hapa umeweka nini?"

"Nembo ya chuo, Mwalimu."

"Mimi naambiwa ishirini kumi na tisa, sifuri tatu, sifuri nne. Ndilo jina la chuo hilo?"

Ilikuwa picha iliyopakiwa kutoka kwenye simu, jina lake tarehe. Akaendelea. Kisanduku. Kisanduku. Kisanduku. Alipofika cha tano akasimama. "Huyu ananiuliza kitu, lakini hataki kuniambia ni kitu gani." Akaandika jina lake mahali pa namba ya simu, fomu ikagoma, ikaandika kosa kwa rangi nyekundu bila neno lolote linalosomeka. Yeye akabaki anangoja. Alidhani inatuma.

Kurekebisha violezo 6 kulinichukua siku mbili na nusu, na nusu ya hiyo ilikwenda kwenye fomu peke yake. Maelezo ya picha ndiyo kazi ndefu kweli, hilo sifichi. Kiolezo hakijui kwamba picha hii ni ya mahafali na ile ni ya karakana ya umeme. Lazima binadamu aangalie aandike. Tulikubaliana na taasisi kwamba picha za kurasa zinazotembelewa sana niziandikie mimi, za habari za zamani waziandike wao polepole, na kuanzia siku hiyo mfumo usikubali picha mpya bila maelezo. Hili la mwisho nalisisitiza kwa kila mteja. Bila hilo, ndani ya miezi mitatu mtu wa mawasiliano atakuwa amejaza tena tarehe za simu yake.

Niseme pia kwamba Sydney ilikuwa kesi ya mtu mmoja na aina moja ya ulemavu. Kiziwi anayetazama video isiyo na maandishi hayumo. Mtu ambaye mkono wake unatetemeka, asiyeweza kulenga kitufe kidogo kwa kipanya, hayumo. Nimewahi kufanya kosa la kudhani nikimridhisha Mwalimu nimemaliza, nikakutana na kijana anayeandika kwa kidole kimoja, fomu yangu ikamfungia muda katikati akaanza upya mara tatu.

Lakini kwa lile swali la shilingi ngapi, Sydney inatosha. Siku hizi sitoi bei kabla sijahesabu violezo. Na mtu akiniletea makadirio ya mwenzangu yenye idadi ya kurasa, namuuliza ni ruwaza ngapi. Mara nyingi hajui, na mara nyingi mwenzangu naye hakuhesabu. Aliona tu ramani ya tovuti ni ndefu akazidisha. Simwiti mwongo. Hata wale wa Sydney sina sababu ya kuwaita waongo. Mtu akishaamua moyoni kwamba jambo haliwezekani, kila anapohesabu anapata idadi kubwa.

Tulipomaliza ile fomu, Mwalimu alikuja tena. Akashuka kwa Tab: Jina la kwanza. Jina la ukoo. Namba ya simu. Alikosea moja makusudi kunipima, ikamwambia kosa liko wapi na ni lipi. Akatuma. Ikamwambia maombi yamepokelewa. Akatoa kisikizi.

"Sawa. Sasa nipeleke kwenye lile tangazo lenyewe la nafasi. Nimejaza fomu bila kujua naomba nini."

Tangazo lilikuwa PDF. Karatasi iliyochapwa, ikasainiwa, ikagongwa muhuri wa bluu, ikawekwa kwenye skana na kurudishwa ndani ya kompyuta ikiwa picha. Kompyuta yangu ikamsomea kwa sauti yake ileile ya haraka: hati tupu. Nikampigia simu katibu muhtasi wa taasisi, nikamuuliza kama bado ana lile faili alilochapia kabla ya kupeleka kusainiwa. Akasema analo, lipo tu kwenye flashi, hakuna aliyewahi kumwomba.